Programu mbili za kalenda ya Wamaya zinanipa ishara mbili tofauti. Nifuate ipi?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge. Mwaka jana shoga yangu alinionyesha programu ya simu ya kalenda takatifu ya Wamaya. Kila asubuhi inakuambia nishati ya siku hiyo na ufanye nini. Nilianza kama mchezo, lakini mambo iliyosema kuhusu mimi yalikuwa kweli tupu, nikazoea. Siku hizi sisaini kitu wala sipokei mzigo bila kuitazama kwanza. Nimeahirisha mkataba wa fremu Kariakoo, na kipimo cha ultrasound cha kivimbe kwenye titi nimekisogeza mara mbili kwa sababu siku ziliangukia ishara ya Kifo. Sasa nimepakua programu nyingine, nayo inasema mambo mengine kabisa. Nilizaliwa 14 Aprili 1990. Ya kwanza inaniita 'Mwunganisha Dunia Mweupe, toni ya 12', yaani hiyo hiyo ishara ya Kifo. Ya pili inasema mimi ni '11 Aj'. Kuna mtu mtandaoni anataka laki na nusu anifungulie 'lango' langu ili nijue ukweli. Mume wangu anacheka tu, mama mkwe anasema huu ni ushirikina. Ipi ni ya kweli? Na je, kalenda hii inaweza kuniongoza?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini katikati ya barua yako kuna jambo la tatu ulilolipitisha haraka haraka, na ndilo nitakaloanza nalo. Hicho kivimbe kinapimwa wiki hii. Usisubiri siku nzuri. Vivimbe vingi vya titi kwa wanawake wa umri wako huwa si saratani, na huenda ukatoka hospitali ukicheka. Ila kama ni kitu kingine, kila mwezi unaopita unampunguzia daktari nafasi ya kukutibu kwa urahisi. Piga simu leo, wakupe tarehe ya karibu kuliko zote, na ukishaipata usiifungue programu kuangalia tarehe hiyo imeangukia nini. Hilo likishafanyika ndipo tuzungumze kuhusu Wamaya.

Unaniuliza ipi ni ya kweli. Nimepiga hesabu ya tarehe yako kwa mkono. Kwa hesabu wanayoifuata Wamaya wenyewe kule Guatemala, Amerika ya Kati, ulizaliwa siku ya 11 Aj. Programu ya pili imesema sawa. Ya kwanza haikukosea kujumlisha, inafuata kalenda nyingine, iliyotungwa Marekani.

Aliyeitunga ni José Argüelles, msomi wa historia ya sanaa, aliyefariki mwaka 2011. Yeye ndiye aliyewahamasisha watu wa nchi nyingi wakusanyike kutafakari tarehe 16 na 17 Agosti 1987, akisema mizunguko ya Wamaya imefika kwenye mageuzi makubwa. Baada ya hapo, yeye na mkewe Lloydine wakatoa mfumo walioupa jina la Dreamspell. Walichukua majina ishirini ya siku na namba kumi na tatu, ambazo programu yako inaziita toni, kutoka kwa Wamaya, wakavipa majina mapya na rangi. Yule "Mwunganisha Dunia Mweupe" ametoka humo. Kisha wakaingiza kanuni ambayo haipo Guatemala: tarehe 29 Februari haihesabiwi. Siku hiyo inarukwa kana kwamba jua halikuchomoza.

Hapo ndipo tofauti inapozaliwa. Hesabu ya Guatemala haijali Februari wala mwaka mrefu. Kila kukicha ni siku moja mbele, basi. Kwa hiyo kila mwaka mrefu unapopita, kalenda hizi mbili zinabadilisha umbali kati yao kwa siku moja. Mwezi uliozaliwa wewe umbali ulikuwa siku 53. Tangu 29 Februari 2024 umekuwa siku 44, na utabaki hapo hadi Februari ya 2028. Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu moja kwa moja. Katika kipindi hiki chote, kila siku ambayo programu yako ya kwanza inaiita Kifo, wenyewe kule milimani wanaiita Iq', yaani upepo. Miadi yako miwili ya hospitali umeisogeza kwa kukimbia siku ambazo kwa Wamaya hazikuwa Keme, siku ya kifo, hata kidogo.

Usije ukakimbilia kusema kwamba basi nifuate ya pili. Kuwa sahihi kwa hesabu ni jambo moja, kukuongoza ni jambo lingine. Kwanza tuone chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Wak'iche', ambao ni kabila moja kati ya makabila zaidi ya ishirini ya Wamaya wa Guatemala, wanaiita Cholq'ij. Kwenye vitabu vingi utaikuta kwa jina la Tzolk'in. Ina majina ishirini ya siku yanayofuatana bila kubadilika: Imox, Iq', Aq'ab'al, K'at, Kan, Keme, Kej, Q'anil, Toj, Tz'i', B'atz', E, Aj, I'x, Tz'ikin, Ajmaq, No'j, Tijax, Kawoq, Ajpu, halafu Imox tena. Pembeni yake zinakwenda namba kuanzia 1 hadi 13, kisha 1 tena. Vyote viwili vinasogea kwa pamoja kila siku. Leo ikiwa 1 Imox, kesho ni 2 Iq', keshokutwa 3 Aq'ab'al. Ikifika 13 Aj, namba inarudi moja lakini jina linaendelea: 1 I'x. Ni kama mlinzi anayeingia zamu usiku mitatu na kupumzika mmoja, wakati wiki ina siku saba. Akianza zamu Jumatatu, itachukua siku 28 mpaka aanze tena Jumatatu. Kwa Wamaya ni 13 na 20, namba zisizo na kigawanyo cha pamoja isipokuwa moja, kwa hiyo siku ile ile yenye namba ile ile hairudi mpaka zipite siku 260.

Kwa nini 260? Wakunga wa huko wanaihusisha na mimba, miezi tisa kasoro kidogo, na wakulima wanaihusisha na msimu wa mahindi ya milimani. Wasomi wamebishana sana na sitakuburuta huko. Ninachoweza kukuhakikishia ni umri wake. Huko San Bartolo, kaskazini mwa Guatemala, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vipande vya ukuta uliopakwa rangi vikiwa na alama ya siku ya "7 Kulungu", vya kati ya mwaka 300 na 200 kabla ya Kristo. Kulungu ndiye Kej, wa saba katika ile orodha niliyokuandikia. Mhispania Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya katika mji wa Maní mwaka 1562, na leo vimebaki vinne tu duniani. Hesabu haikukatika, kwa sababu haikuwa vitabuni peke yake. Ilikuwa vichwani mwa watu, na hadi leo ipo. Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 iliwahesabu Wamaya kuwa asilimia 41.7 ya wananchi, zaidi ya watu milioni sita. Nasema hivi kwa sababu programu nyingi zinawazungumzia kama watu wa kale waliotoweka wakatuachia siri. Wapo, wanapanda daladala zao na wanalipia bando kama wewe.

Sasa, wao wanaitumiaje?

Tuchukue Momostenango, mji wa Wak'iche' wenye sifa kubwa kwa jambo hili. Mwenye ujuzi anaitwa ajq'ij, mtunza siku. Hajitangazi tu akawa. Kwa kawaida huitwa kwa ndoto au kwa ugonjwa usioisha, kisha akapata mwalimu, akafundishwa kwa mzunguko mzima wa siku 260, na kukabidhiwa kazi siku ya 8 B'atz', ambapo watu wengi hupanda kwenye madhabahu za vilimani na mishumaa na ubani wa kopali. Wanaanthropolojia wawili wa Marekani, Barbara na Dennis Tedlock, walipitia mafunzo hayo wenyewe na kukabidhiwa mwaka 1976. Mengi tunayoyajua kwa undani tuliyapata kupitia maandishi yao.

Mtu akiwa na shida, mtoto mgonjwa, mume haelewani na ndugu, biashara imekwama, anakwenda kwa ajq'ij. Mzee anatandika kitambaa mezani. Anafungua kifuko chake na kumwaga mbegu nyekundu za mti uitwao tz'ite', ngumu na zinazong'aa, zikiwa zimechanganyika na vijiwe vya kioo. Anazivuruga kwa mkono, anaita majina ya wenye siku, anataja swali. Kisha anateka konzi moja, zilizobaki anazirudisha pembeni. Zile za konzi anazipanga nne nne kwa mistari, na za mwisho zinazopungua nne anaziangalia kwa makini. Hapo anaanza kuhesabu siku juu ya kila fungu, akianzia siku ya leo au siku shida ilipoanza: fungu hili 5 Kan, hili 6 Keme, hili 7 Kej, mpaka fungu la mwisho. Huku akihesabu anasikiliza mwili wake. Wanasema damu inazungumza: mshtuko mdogo chini ya ngozi, kama umeme, na mahali ulipopita pana maana yake. Anamuuliza mwenye shida maswali, naye anajibu. Anarudia tena. Mwisho unakuta watu wawili wamekaa wakichambua maisha ya mmoja wao: nani ana deni, nani hakuombwa radhi, marehemu gani amesahauliwa.

Angalia nini kimetokea pale. Hakuna aliyesoma sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya kila mtu duniani aliyezaliwa siku fulani. Siku imetumika kuuliza.

Na ndivyo siku zilivyo hata nje ya meza ya ajq'ij. Kila jina lina kazi yake. Toj ni siku ya malipo: unalipa unachodaiwa, na unashukuru. Tz'ikin, ndege, ni ya kuomba riziki, na ungewaona wafanyabiashara wenzako wamewasha mishumaa. Ajmaq ni ya kuomba msamaha na kuwakumbuka waliotangulia. No'j ni ya kufikiri na kutafuta ushauri. E ni njia, na wasafiri huipenda. Q'anil ni mbegu. K'at ni wavu: ndiyo siku ya kutazama ulichonasa nacho. Tijax ni kisu cha jiwe kali. Inaweza kuleta ugomvi, na ndiyo hiyo hiyo ya kukata ugonjwa. Hata Keme, iliyokutisha, ni siku ya kuzungumza na wafu wako. Hakuna anayejifungia ndani siku hiyo akingoja ipite.

Namba nazo zinaongeza uzito. Ndogo huhesabiwa kuwa pole, kubwa kuwa na nguvu nyingi mno, na za katikati, saba, nane na tisa, ndizo zinazopendwa kwa sala za kawaida. Ndiyo maana sherehe ile ni ya 8 B'atz' na siyo ya 13.

Ukinielewa hapa, mengine ni mepesi. Kwa wenye nayo, siku inakudai kitu. Inakuuliza umelipa, umeomba radhi, umemkumbuka nani. Programu yako imeigeuza kuwa kibali: leo unaruhusiwa kusaini, leo huruhusiwi. Mtu wa Momostenango mwenye mkataba wa duka siku ya Tijax ataamka mapema, atawasha mshumaa, atasema na siku yake, kisha atakwenda kusoma mkataba kwa makini zaidi. Wewe umeuahirisha, na fremu za Kariakoo hazimsubiri mtu.

Unasema iliyoyasema kuhusu wewe yalikuwa kweli tupu. Nakuamini kwamba ulihisi hivyo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akamgawia kila mmoja karatasi ya majibu "yake" aipe alama kuanzia sifuri hadi tano kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi akiwa ameyaokota kwenye kitabu cha nyota. "Una uwezo mkubwa ambao hujautumia." "Nje unaonekana mtulivu, ndani una wasiwasi." Nani atakataa? Hii haina uhusiano na ujinga, wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Tukisoma jambo tukiamini limeandikwa kwa ajili yetu, akili inakimbia kutafuta ushahidi, na ushahidi haukosekani. Ongeza na hili: siku uliyoambiwa ni mbaya ukagombana na mteja, unaikumbuka mwezi mzima. Siku mbaya uliyouza jora zima huikumbuki hata kesho yake.

Na wewe tayari una kipimo mkononi bila kujua. Kwa miezi kadhaa uliongozwa na kalenda iliyo mbele ya ile ya asili kwa siku 44, na bado uliiona inasema kweli. Kama nguvu ingekuwa kwenye siku yenyewe, ungeanza kuhisi mapema kwamba kuna kitu hakiendi.

Kuhusu 2012, mwaka ambao wengi walidai kalenda ya Wamaya inatabiri mwisho wa dunia, sitasema mengi. Tarehe 21 Desemba mwaka ule ilitimia duru ya miaka zaidi ya elfu tano katika hesabu ndefu ya Wamaya, na siku ikawa 4 Ajpu. Kesho yake ikawa 5 Imox. Viongozi wa kiroho wa Guatemala wenyewe walilalamika jinsi tarehe hiyo ilivyogeuzwa biashara ya utalii.

Mama mkwe wako. Mimi si shehe wala padri, na sitajifanya. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wa watunza siku wa Momostenango ni Wakatoliki waliobatizwa, na hawaoni mgongano, ilhali makanisa mengi ya kilokole ya huko huko yanaipinga kabisa na kuiita kazi ya shetani. Kwa Waislamu, kuiona siku kuwa ina mkosi kumekatazwa na masheikh kwa muda mrefu, hata kama huku kwetu watu bado wanakwepa siku za nuhusi na kwenda kutazamiwa kwa falaki. Hili ni la imani yako, lipeleke kwa kiongozi wako wa dini, si kwangu. Ila mwambie mama, kwa heshima, asilitupe ovyo neno uchawi. Mwaka 2020, huko Petén, kaskazini mwa Guatemala, mzee wa Kimaya aliyejua dawa za miti, Domingo Choc, alichomwa moto hadi kufa na watu waliomtuhumu uchawi. Alikuwa akifanya kazi na watafiti wa vyuo vikuu. Sisi tunaowajua vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna hili ambalo huwa linanishangaza kidogo. Watu wa pwani tunasafiri kwa simu mpaka Guatemala kutafuta kalenda, wakati wazee wetu walikuwa na yao. Kuanzia siku ya Nairuzi, yaani mwaka mpya wao, walihesabu mwaka wa siku 365 kwa miongo, yaani siku kumi kumi, zikibaki tano. Mvuvi na mkulima wa Pemba alijua msimu kwa mwongo. Wamaya nao, mbali na zile siku 260, wana mwaka wa siku 365, Haab', wenye miezi kumi na minane ya siku ishirini, zikibaki tano wanazozichukulia kwa tahadhari. Wote wawili hawakuongeza siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo mwaka wao unateleza polepole. Makunduchi bado wanaukoga mwaka kila Julai. Nenda siku moja ukaone watu wazima wakichapana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Hiyo nayo ni siku yenye kazi yake.

Je, inaweza kukuongoza? Nitakujibu kama ningemjibu binti yangu. Kwa kukuambia nini kitatokea, au lini usaini, hapana. Sina sababu yoyote ya kukudanganya hapa; hakuna anayeweza kuonyesha kwamba mkataba uliosainiwa siku ya Tijax huharibika kuliko uliosainiwa siku ya E. Kwa kukukumbusha mambo ambayo mtu mwenye duka na watoto wawili huyasahau, inaweza, ukiigeuza iwe ilivyo kwa wenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mwalimu wa sekondari, anafanya hivyo: ana daftari, na kila ikifika Toj anapitia madeni yake, anayodaiwa na anayodai, hata kama ni shilingi elfu mbili ya vocha. Ikifika Ajmaq anampigia mtu mmoja ambaye hawajaelewana. Haamini kwamba siku ina nguvu. Anasema tu kwamba siku ishirini ni umbali mzuri, si karibu mno mtu akachoka, si mbali mno akasahau. Ungeweza kufanya vivyo hivyo kwa Ijumaa au Jumapili, na kwa watu wengi hiyo ndiyo njia rahisi zaidi.

Njia nyingine ni kujifunza kwa dhati, kama elimu: historia, hesabu, lugha. Ni safari ndefu na nzuri, na ukifika huko utawaheshimu wenye nayo. Kumbuka kwamba vita vya ndani vya Guatemala, vilivyoisha 1996, viliua au kupoteza zaidi ya watu 200,000, na tume ya ukweli ilikuta kwamba asilimia 83 ya waliotambuliwa walikuwa Wamaya. Watu wamelipia hesabu hii kwa damu. Kuisoma kwa haraka kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga mswaki ni halali yako, lakini usiite huo uongofu wa Wamaya.

Na njia ya tatu ni kuifuta programu na kuendelea na maisha. Kwa hali uliyoieleza, ningekushauri uanze na hiyo kwa mwezi mmoja, zote mbili zifutwe, kisha ujiangalie. Siku mbili tatu za kwanza mkono utakwenda kwenye simu wenyewe. Hilo ni la kawaida. Lakini ukiona moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, huwezi kufungua duka bila kumuuliza mtu siku ya leo ni ipi, au unaanza kutafuta ishara kwenye namba za magari na saa ya ukutani, basi shida imeshatoka kwenye kalenda na kuingia kwenye wasiwasi wenyewe, na wasiwasi una tiba. Hospitali za rufaa zina kitengo cha afya ya akili, na wanaokwenda pale wengi ni watu kama wewe na mimi. Nenda ana kwa ana, usitafute dawa ya hili mtandaoni. Mweleze na mumeo bila utani. Anaweza kuwa anacheka kwa kuwa hajui kwamba umesogeza kipimo.

Huyo wa laki na nusu usimlipe. Neno "lango" halimo katika kazi ya ajq'ij niliyokueleza, na mtunza siku hamsomei mtu kwa njia ya muamala. Alichokuahidi unaweza kukipata mwenyewe kwa kalamu. Chukua 21 Desemba 2012, ambayo ni 4 Ajpu. Kuanzia 14 Aprili 1990 hadi hapo ni siku 8,287. Simu yako ina kikokotoo cha tarehe, kihakikishe. Gawa kwa 13, inabaki 6. Gawa kwa 20, inabaki 7. Rudi nyuma namba sita kutoka 4: tatu, mbili, moja, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja. Rudi nyuma majina saba kutoka Ajpu: Kawoq, Tijax, No'j, Ajmaq, Tz'ikin, I'x, Aj. Hiyo ndiyo 11 Aj yako, tete la muhindi, ambalo Wak'iche' wanalihusisha na nyumba na watoto. Wanao nao uwapigie hesabu, kama wanapenda namba. Waliozaliwa baada ya tarehe ile utawahesabu kwenda mbele badala ya kurudi nyuma.